IST inalia "wuuu" mbele: hela ya beringi rudisha mfukoni, hamisha matairi kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Kesho usiende Gerezani kununua vipuri, na fundi akipiga simu mwambie umepata msiba.

Kwa wanaoingia sasa: jamaa ana Toyota IST, ikifika 60 inaanza "wuuuu" mbele kushoto, ikifika 80 redio haisikiki. Fundi kaizungusha mtaani raundi moja, kashuka, katamka beringi za mbele zimekufa zote mbili. Jamaa anauliza achukue za kampuni gani, kama usukani kutetemeka kwenye 100 pia ni kwa ajili ya beringi hizohizo, shokapu anunue mpya au za mtumba, na kama Jumamosi anaweza kwenda nayo Dodoma.

Nilipofika kwenye "zote mbili" nikaona giza. Hilo neno nimeshalilipia.

Huyo fundi kausikia wapi huo mlio? Wewe mwenyewe unasema unaanza 60. Mtaani kwenu pana 60? Na matuta yale, labda alipaa.

Sasa sikia kitu ambacho hutaambiwa wakati mtu anakunja mikono ya ovaroli. Beringi ya mbele ya IST haijafungwa kwa boliti. Imeshindiliwa kwa presi ndani ya nako (chuma kinachobeba gurudumu), kisha habu (kitovu ambacho tairi linafungwa) ikashindiliwa ndani ya beringi. Ili itoke, lazima habu ivutwe kwanza, na habu ikitoka huondoka na kipande cha ringi ya ndani kimeng'ang'ania shingoni. Hapo beringi imeshaachana mapande mawili, gololi zinakutazama. Kwa hiyo ile kauli ya "tuitoe tuicheki, kama nzima tunairudisha" haipo duniani. Ikitoka imekufa, hata kama dakika tano nyuma ilikuwa na miaka ya kuishi. Mlioambiwa hivyo mkatikisa kichwa, msione haya, kwenye picha ya pamoja mimi nipo mstari wa mbele.

Halafu mpya inaingiaje? Gereji nyingi za uchochoroni presi hazina, zina nyundo na beringi ya zamani ya kugongea. Kanuni ya kazi hii ni kwamba nguvu isipite kwenye gololi. Ukiingiza beringi kwenye nako unasukuma ringi ya nje peke yake. Ukiingiza habu, ringi ya ndani iwe imeegemezwa kwa chini na bomba la kipenyo chake. Ukisukuma ringi ya ndani huku ya nje ndiyo inabana, mzigo wote unapita kwenye gololi, nazo zinachimba vijishimo kwenye njia yao. Huvioni hivyo vijishimo. Gari linatoka gereji kimya, unampa fundi na ya soda juu, wiki kadhaa baadaye linaanza kuimba, na safari hii kweli ni beringi. Fundi anasema umeuziwa feki. Muuzaji anasema fundi kapiga nyundo. Ubaya wake wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Kile kipande cha ringi kilichobaki kwenye habu nacho kinakatwa kwa grainda. Mkono ukiteleza, diski inachana shingo ya habu na ringi mpya inakaa juu ya jeraha. Kilipu ya kuzuia beringi isitoke inarudishwa imepinda, au hairudi kabisa. Kisha nati ya shafti inakazwa kwa mashine ya upepo mpaka mashine ichoke, wakati Toyota nyingi za ukubwa huu zinataka mkazo wa 216 Nm kwa spana ya kupimia. Nati hiyo si ya kuzuia shafti isichomoke tu, ndiyo inayobana nusu mbili za ringi ya ndani zikae pamoja. Ndiyo maana gari halishushwi chini likasukumwa na nati hiyo ikiwa haijakazwa, hata hatua mbili za kulisogeza lipishe gari la mteja mwingine. Na kwa wenye magari ambayo sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge kwenye breki) inasoma sumaku iliyo kwenye sili ya beringi, ikiingizwa kinyume taa ya ABS itawaka na hutaizima kwa maombi.

Bado sijamaliza kukuudhi. Nako kutoka maana yake boliti mbili zinazoishika kwenye shokapu zimefunguliwa. Zina nafasi kidogo ya kucheza kwenye matundu yake, kwa hiyo zikirudi tairi halisimami vilevile lilivyokuwa limesimama. Usipopeleka alaimenti, yaani kunyooshwa matairi, siku hiyohiyo, tairi linaanza kuliwa upande. Na tairi lililoliwa vibaya ndilo hulia "wuuuu". Umeuona huo mduara? Ulikuwa na tairi linalolia, ukanunua beringi mbili, sasa una tairi linalolia zaidi na beringi zilizo kwenye foleni ya kufa.

Basi hamisha matairi kwanza. Ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele, upande uleule. Usivushe kushoto kwenda kulia, maana matairi mengine yana mshale ubavuni wa kuonyesha yanazunguka kuelekea wapi. Huhitaji gereji, ni jeki ya gari, spana ya magurudumu na spea. Egesha sehemu tambarare, weka mawe kwenye matairi ya upande wa pili, legeza nati kidogo kabla hujanyanyua. Nyanyua mbele kushoto, toa tairi, funga spea. Shusha. Nyanyua nyuma kushoto, toa tairi, funga lile la mbele. Shusha, rudi mbele, toa spea, funga lililokuwa nyuma. Upande wa kulia vilevile. IST za toleo la kwanza zina nati nne kila tairi, zikaze kwa kukingamana, siyo kwa kuzunguka duara, mkazo wake ni 103 Nm. Huna spana ya kupimia, kaza kwa mkono na spana ya gari. Usisimame juu yake na viatu. Ukishaendesha kidogo zicheki tena.

Jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, kisha pita barabara ileile kwa spidi ileile, kioo kimefungwa. Kama mlio umehamia nyuma, umepungua au umebadilika sauti, ni matairi. Umeokoa hela ya beringi mbili, ya presi, ya fundi na ya soda.

Kila tairi likiwa limetolewa, pitisha kiganja juu ya kashata (vitofali vya mpira vinavyokanyaga lami), zungusha kwa kwenda kisha kwa kurudi, hasa ukingo wa ndani ambao hauonekani ukiwa umesimama. Tairi zima linateleza pande zote mbili. Lililoliwa meno ya msumeno linateleza upande mmoja, ukirudi linakukwaruza kama samaki unayempapasa kutoka mkiani. Hapa ndipo mafundi wanapotupoteza: "Kashata nzima hizi boss, ona kina chake!" Kina hakihusiki. Tairi linaweza kuwa na kashata ndefu na bado linapiga kelele, kwa sababu kila kitofali kimeliwa kwa mteremko na kinagonga lami kwa kisigino. Linaletwa na alaimenti iliyopotea, shokapu zilizochoka, upepo mdogo, na kutohamisha matairi tangu yafungwe.

Tahadhari moja. Kama yote manne yameliwa hivyo, kuhamisha kunaweza kusibadilishe kitu, na hapo unatumia masikio na lami. Toka kwenye lami laini uingie kwenye ile yenye kokoto zilizojitokeza, spidi ileile. Mlio wa tairi unabadilika papo hapo, au unamezwa. Wa beringi haujali lami, unaendelea tu kama muadhini mwenye spika mbovu.

Umehamisha, mlio uko palepale, haujali lami? Haya, sasa beringi ni mshukiwa. Bado siyo zote mbili! Kwenye barabara nyoofu isiyo na gari nyuma, ukiwa 60, weka N sekunde chache. Injini usizime, usukani na breki vinaihitaji. Mlio ukiendelea palepale huku injini imeshuka, mlio uko magurudumuni. Kisha kwa 50 hivi, barabara ikiwa tupu, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unahamia kulia, kwa hiyo mlio ukizidi hapo mshuku wa kulia. Ukizidi ukikata kulia, mshuku wa kushoto. Ni kidokezo, hukumu bado.

Hukumu iko kwenye jeki. Stendi chini ya gari, siyo jeki peke yake, utaingiza mkono humo. Gia N, mkono mmoja uzungushe tairi, mwingine ushike springi ya shokapu ya tairi hilohilo. Springi inabeba mtetemo kuliko sikio lako. Beringi nzima huisikii kitu. Iliyokufa unasikia mchanga unasagwa vidoleni. Ile "shh, shh" ya pedi kugusa diski isikutishe, hiyo iko magari yote. Fanya na upande wa pili ulinganishe. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi, kiungo kinachoshika nako kwa chini. Likicheza ukilishika kushoto na kulia tu, hiyo ni tairodi, fimbo ya usukani. Ila kutocheza hakumaanishi beringi ni nzima, nyingi zinalia muda mrefu kabla hazijalegea.

Na ufanye hivyo kwa matairi yote manne. Sauti ndani ya gari inasafiri kwenye bodi, beringi ya nyuma inaweza kukudanganya ukaapa ni ya mbele. Nyuma ya IST isiyo ya four wheel ni kazi nyepesi, beringi inakuja nzima na habu yake, boliti nne, hakuna presi. Hebu fikiria kung'oa nako mbili za mbele kumbe kidonda kiko nyuma.

Milio mingine haraka haraka. "Ta-ta-ta" ukikata usukani mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta ni CV jointi (kiungo cha shafti kinachojipinda na tairi), chungulia kama buti, ule mpira unaoifunika, limechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. "Kwiii" kali iliyoanza ghafla baada ya njia ya vumbi mara nyingi ni kijiwe kati ya diski na bati la nyuma yake, kitoe. "Kwiii" inayobadilika ukigusa breki kidogo, pedi zimefika mwisho. "Ngo, ngo" inayoongezeka na mwendo, simama pembeni sasa hivi uangalie nati za tairi kabla ya kitu kingine chochote.

Ikithibitika ni beringi, unabadilisha moja, ile iliyokufa. Kabla hujalipa, soma namba iliyochongwa kwenye ringi ifanane na ya boksi. Peleka nako kwa mwenye presi, simama pembeni, nyundo ikinyanyuliwa ondoka na nako yako. Kisha alaimenti. Dodoma na tairi linalocheza usiende. Tairi linalolia tu lakini halina uvimbe, halina nyuzi zilizotokeza na halijafika kipara, litakufikisha na kelele zake.

Lile la shokapu naona sijalijibu, na la usukani pia. Hamisha matairi halafu urudi hapa useme mlio umeenda wapi.