Mpelelezi na jasusi si mtu mmoja

Mwanangu,

Umeniuliza, sasa unapoanza kuandika habari za mahakamani, kama mpelelezi na jasusi ni mamoja. Hapana, na umefanya vyema kuuliza kabla habari haijatoka.

Jasusi hutafuta siri za upande mwingine, mara nyingi kwa niaba ya dola, na kazi yake haikusudiwi kusomwa hadharani. Mpelelezi wa jinai hufuatilia kosa: nani kaiba, nani kaua, kwa njia gani. Anayoyakusanya hufika kwa mwendesha mashtaka, na yeye mwenyewe aweza kupanda kizimbani kutoa ushahidi, wakili wa utetezi akamhoji mpaka jasho limtoke.

Utata unatoka kwenye kitenzi. Kupeleleza ni kutafuta habari kwa chinichini, awaye yote anayetafuta. Katika Biblia ya Kiswahili, Yusufu anawatuhumu ndugu zake kuwa wapelelezi, na pale maana ni majasusi kabisa. Ndiyo sababu nakusihi uandike "mpelelezi wa polisi" au "wa makosa ya jinai" pale msomaji anapoweza kupotea.

Kachero ni huyo huyo mpelelezi, kwa lugha ya magazeti na riwaya. Wingi ni makachero, lakini makachero wamefika, si yamefika. Askari kanzu ni habari ya mavazi tu: polisi asiyevaa sare. Kachero na askari kanzu wamekaribiana tangu zamani. Polisi wa London walipounda kikosi chao cha upelelezi mwaka 1842, kilikuwa na watu 8 tu, nao walivaa kiraia.

Sentensi utakayoisikia kuliko zote ni "upelelezi haujakamilika". Usiipite haraka. Kesi inaahirishwa, na asiye na dhamana anarudi rumande bila hata shahidi mmoja kusikilizwa. Mwandike mshtakiwa, kamwe usimwite mhalifu. Kabla hajafikishwa mahakamani alikuwa mtuhumiwa. Kisha taja tarehe ya kesi kurudi, na kama umewahi kuisikia sentensi hiyo katika kesi ile ile, sema hivyo pia, maana kuna familia inayoihesabu.

Mama yako