Huko angani athi wanafunga wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme hapa Mwanjelwa, Mbeya. Binti yangu wa kidato cha tatu kanisomea kwamba chombo kiitwacho Rosetta kilizunguka nyotamkia kikipima chembe zenye chaji. Sisi mita ina ncha mbili, na ile nyeusi huwa naigusisha kwenye athi, yaani waya wa ardhini. Kule wanaigusisha wapi? Halafu, Kimondo chetu cha Mbozi nacho kilikuwa na chembe hizo?

JIBU: Marahaba, fundi. Hapa Iringa nafundisha fizikia, na bado nasubiri mwanafunzi wa kuniuliza swali kama hilo lako la kwanza.

Athi hakuna. Ncha nyeusi inaishia kwenye bodi ya chombo chenyewe, na bodi hiyo nayo ina chaji. Shida yote inaanzia hapo.

Rosetta, ya Shirika la Anga la Ulaya, iliifikia nyotamkia 67P Agosti 2014. Hilo ni bonge la barafu na vumbi, upana wake kilomita kama nne. Jua likilipasha, barafu inageuka mvuke moja kwa moja, kisha miale ya urujuanimno inazing'oa elektroni kwenye molekuli za maji. Elektroni ni nyepesi mno, zina mbio kuliko ioni (molekuli zilizopoteza elektroni), kwa hiyo ndizo zinazokigonga chombo mara nyingi zaidi. Chombo kikawa hasi: mara nyingi volti 10 chini ya plazma (mchanganyiko huo wa elektroni na ioni) inayokizunguka, pengine hata 20.

Kwako volti 20 ni mchezo. Kwa elektroni ya polepole ni ukuta. Inarudishwa kabla ya kukifikia kipimo. Ioni, kinyume chake, zinavutwa na kuingia na kasi ambayo hazikuwa nayo. Yaani mpimaji anaharibu anachokipima!

Dawa yao naipenda. Walifunga matufe mawili ya titani, kipenyo sentimita 5 kila moja, kwenye mikono ya mita 2.2 na 1.6, ili yakae mbali kidogo na bodi. Volti ya tufe inapandishwa hatua kwa hatua huku mkondo unaoingia ukisomwa. Jinsi mkondo unavyopanda ndivyo wanavyokadiria elektroni ni nyingi kiasi gani, zina joto gani, na chombo chenyewe kimekaa volti ngapi. Mikono hiyo ni mifupi, sikufichi, hivyo kifaa kingine kiliitikisa plazma kwa mawimbi na kutafuta masafa ambayo inaitikia kwa nguvu. Masafa hayo yanategemea wingi wa elektroni, basi majibu ya vifaa viwili yakalinganishwa. Magazeti yalishangilia Philae, chombo kidogo cha Rosetta, ilipotua kwenye nyotamkia Novemba 2014. Mimi nilikuwa upande wa matufe.

Kipimasumaku nacho kilitoa jambo: tarehe 26 Julai 2015, kilomita kama 170 kutoka kwenye kiini cha nyotamkia, uga wa sumaku ulishuka karibu na sifuri. Gesi ya nyotamkia ilikuwa imeusukuma nje uga unaobebwa na upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji zinazotoka kwenye Jua. Chombo Giotto kilikuta pengo kama hilo kwenye nyotamkia Halley mwaka 1986, kubwa zaidi, kilomita elfu kadhaa.

Kuhusu Mbozi: kile ni chuma na nikeli, hakina barafu ya kutoa mvuke. Ila kilipokuwa kinashuka kwa kasi, hewa iliyokuwa mbele yake lazima ilichemka hadi ikaachia elektroni. Plazma ilikuwepo, lakini ya hewa yetu wenyewe.