Pa Kulala Kwanza

Wiki hii mmeuliza: "Ukipewa likizo ya wiki tatu na huna gari, utakwenda wapi, na utaanza kupanga lipi?"

Nitafuata ufuo wa Ziwa Victoria kwa baiskeli, hema nimelifunga kwenye keria. Natoka Kisumu, napita Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita. Hapo navuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, halafu napanda pole pole kupitia Bondo mpaka Usenge na Port Victoria. Najua, mwenye haraka anaweza kuimaliza njia hiyo kwa siku chache. Mimi sina haraka.

Kupanga naanzia jioni, na hilo nilifunzwa kwa aibu. Mwaka juzi nilipanga kwa kilomita: themanini leo, sabini kesho, kama karani anayegawa mishahara. Siku ya pili pancha mbili zikanichelewesha, nikafika ufuoni, si mbali na Kendu Bay, jua linazama. Huku kwetu karibu na ikweta magharibi haikungoji; unageuka kutafuta tochi, ukiinua kichwa giza limeshaingia. Nikabahatika kupata nyasi fupi, zimelingana kama uwanja wa mpira. Nikasimamisha hema huku najipongeza. Chai haijachemka, mvuvi mmoja akanimulika.

"Omera, nani amekuonyesha hapa?"

"Hakuna. Nimepaona pazuri tu."

"Na hizo nyasi unadhani hufyekwa na nani?"

Kiboko, bwana. Usiku hutoka majini kuja kula, na akishazoea njia yake haachi kuipita kwa sababu ya hema la mgeni. Nilikusanya vitu vyangu kwapani, sufuria mkononi, nikamfuata yule mvuvi hadi kwake. Mkewe alicheka mpaka akaketi chini.

Siku hizi saa kumi alasiri ikinikuta popote, nashuka na kuanza kuuliza. Kwenye ufuo wa wavuvi namtafuta mwenyekiti wa BMU, ile kamati inayosimamia ufuo. Yeye anajua shamba ni la nani, viboko hupandia wapi, na mashua za omena, yaani dagaa, hurudi saa ngapi, maana hurudi alfajiri na kelele zake si za kulalia. Pasipo na ufuo wa wavuvi namwendea mzee wa mtaa, au mwalimu mkuu nimwombe kona ya uwanja. Naomba mahali pa hema tu. Mara nyingi napewa na ugali, na ndiyo sababu nabeba majani ya chai na sukari ya kuwaachia wenyeji, sibebi chakula cha wiki.

Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano, ambako flamingo huja. Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee alifika jioni akiomba hifadhi, wakamfukuza, akakaribishwa na mwanamke mmoja tu. Usiku ule kijiji kikazama. Nikiwa na hema kwenye keria hadithi hiyo hunifurahisha kuliko inavyopaswa.

Upepo nao una ratiba yake. Asubuhi ziwa limetulia. Jua likishapanda, upepo hugeuka ukavuma kutoka majini kuja nchi kavu. Kutoka Kendu Bay hadi Mbita unaelekea magharibi, kwa hiyo mchana unaula usoni. Naondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano niko chini ya mwembe. Kilomita arobaini zinatosha, na siku nyingine ishirini. Mwezi ni Januari, kabla ya masika. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, kule Ahero, ukilowa hujaza madigadi mpaka gurudumu linagoma.

Baiskeli ni ya chuma, ya kawaida, magurudumu ya inchi 26, kwa sababu fundi wa sokoni anaijua na tyubu zake anazo. Mwenzangu mmoja ana baiskeli nyepesi ya bei kubwa. Ilivunjika spoki, ikarudi Kisumu juu ya pikipiki. Nabeba spana, viraka, gundi, pampu na cheni ya akiba, basi.

Kuoga ziwani, hapana, hata joto liwe vipi. Kichocho huingia kwa ngozi, na konokono wanaokieneza hupenda maji ya pembeni yenye majani, palepale mtu anapotamani kuingia. Maji ya kunywa nachemsha. Malaria iko mwambao huu wote, kwa hiyo hema lenye wavu mzima, na dawa ya kinga niliyoandikiwa hospitalini kabla ya kutoka. Halafu shati la buluu linabaki nyumbani: nikikaribia Bonde la Lambwe, iliko Mbuga ya Ruma, kuna mbung'o, na rangi hiyo huwavutia hadi mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi.

Wiki ya tatu, baada ya feri, nimeandika majina matatu tu daftarini: Bondo, Usenge, Port Victoria. Ya kulala wapi nitawauliza walio kwenye feri. Kurudi ni kwa matatu, baiskeli juu ya keria, nikibishana na makanga kama nayo ilipe nauli ya mtu mzima.