Barua kwa mwanangu: "Nzuri, ila…"

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza mtu aliyepunguzwa kazi tangu Machi, anayedaiwa kodi ya miezi miwili na anayeamka saa tisa za usiku moyo ukimwenda mbio, ashukuru nini hasa. Umesema pia kwamba kila anayekuambia "shukuru Mungu" unaona kama anakuziba mdomo.

Hilo la kuzibwa mdomo nakubaliana nawe kabisa. Lakini sikiliza jinsi watu wetu wanavyosalimiana. Mtu akiulizwa habari za nyumbani, hata kama ameacha mgonjwa kitandani, hujibu kwanza "nzuri", kisha huongeza "ila mtoto anaumwa". Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi naona tumerithi jibu lenye sehemu mbili, na wanaokusumbua wanataka uishie kwenye ya kwanza tu.

Mwaka 1998, baba yako alipoachishwa kazi kiwandani hapa Tanga, wewe ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa na daftari la madeni ya dukani: unga, sukari, mafuta ya taa. Usiku mmoja nililigeuza na kuanza kuandika, kutoka ukurasa wa mwisho, yale niliyopata siku hiyo. Sikuandika "uzima" wala "afya", kwa sababu maneno makubwa namna hiyo hayakuniingia moyoni. Niliandika kwamba jirani wa mlango wa pili ameleta kibaba cha mchele akisingizia kuwa amenunua mwingi kupita kiasi. Kwamba vitumbua vyangu vimeisha kabla ya saa mbili. Kwamba baba yako amecheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nzima. Madeni ya mbele hayakupungua hata senti moja. Hata hivyo, mchana nilianza kutazama huku na huku nikitafuta cha kuandika usiku, na akili iliyo katika utafutaji huo hupata walau kituo kidogo cha kupumzika. Tena niligundua kwamba watu walewale wanajirudia katika kurasa zile, nikajua ni nani ninayeweza kumwendea siku ambayo sina la kufanya. Nilipokwenda kumshukuru yule jirani, alikaa nami barazani hadi jioni akinisimulia shida zake mwenyewe, ambazo sikuwahi kuzidhania.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha mwaka 2003 utafiti ambao washiriki wa kundi moja waliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru, huku kundi jingine likiandika kero. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Nilifurahi, nakiri, kwa kuona daftari langu limepata wenzake. Lakini tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba faida ya mazoezi hayo kwa sonona na wasiwasi ni ndogo, nami sitaki kukuuzia daftari kama dawa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja kwa uzito. Ikiwa huzuni hii imekukalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ukapoteza hamu ya chakula na ya mambo uliyoyapenda, nenda hospitali ukaonane na wahudumu wa afya ya akili. Likikujia wazo la kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje hata kesho. Niamshe saa yoyote, na uende hospitali siku hiyohiyo ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Hakuna anayemwambia mwenye malaria ashukuru kwanza ndipo apimwe.

Daftari, ukilitaka, lianze kwa mambo mawili au matatu, siku yoyote utakayoweza, na usijilaumu kwa siku zilizopita bila neno. Andika na madeni mbele, usiyafiche.

Jumapili nitakupigia baada ya chakula cha mchana. Nitakuuliza habari zako kama kawaida, nawe usiniishie kwenye "nzuri"; muda wa maongezi nitakuwa nimeshanunua wa kutosha kuisikiliza hiyo "ila" yote.

Mama yako