Ulimi hauna kosa, tuulize pua

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama lishe karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kwa miaka 12 wateja wamekuwa wakifuata sato wangu wa kuchemsha. Miezi mitatu iliyopita nilishikwa na mafua makali. Yalipokwisha, kila ninachokula kikawa chapwa. Sikujali hadi siku ambayo wateja wawili walirudisha sahani wakisema mchuzi ni chumvi tupu, ilhali mimi niliuonja nikaona haujakolea. Hata dagaa walioanikwa pale nje siwasikii harufu. Je, ulimi wangu umekufa?
Mama lishe, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Hao dagaa ndio walionifanya niishuku pua yako kabla ya ulimi, kwa sababu mtu anayepita Mwaloni asisikie harufu ya dagaa ana tatizo ambalo ulimi hauhusiki nalo.

Ulimi hutambua ladha tano tu: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha nzito ya supu iliyochemka vizuri ambayo wataalamu huiita umami. Yaliyobaki, yaani kile kinachotofautisha sato na sangara, au iliki na karafuu, ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo hadi puani wakati tunatafuna na kumeza. (Pilipili utaendelea kuisikia, kwa kuwa mwasho wake husafiri kwa mshipa mwingine wa fahamu.) Virusi vya mafua, kama vile vya UVIKO-19 vilivyowafundisha wengi somo hili kuanzia mwaka 2020, huweza kudhuru utando mdogo ulio juu kabisa ndani ya pua. Harufu ikipotea, mpishi huitafuta kwa kuongeza chumvi, lakini chumvi haiwezi kuirudisha.

Jipime nyumbani. Fumba macho, bana pua kwa vidole, kisha mtu akuwekee ulimini chembe za sukari, halafu za chumvi, halafu tone la ndimu, ukisukutua kwa maji kila mara. Ukivitambua vyote, ulimi wako ni mzima. Sasa tafuna kipande cha embe ukiwa bado umebana pua, kisha iachie: mwenye pua nzima husikia ladha ya embe ikifunguka papo hapo, na wewe usiposikia badiliko lolote utakuwa umepata jibu. Ikiwa hata sukari hukuitambua, kinywa chenyewe kichunguzwe, kwa sababu fangasi, ukavu wa mdomo, kisukari, upungufu wa madini ya zinki na baadhi ya dawa huweza kupunguza au kuvuruga ladha. Metronidazole, kwa mfano, huacha ladha ya chuma mdomoni. Hata hivyo, usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia.

Miezi mitatu inatosha kukupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye Mwanza utampata Hospitali ya Bugando, ili aangalie kama kuna vinyama puani au uvimbe wa muda mrefu. Wakati huohuo anza mazoezi ya kunusa, ambayo Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kila kimoja kwa takriban sekunde 20, asubuhi na jioni, kwa wiki zisizopungua 12. Ukikosa waridi, kahawa itafaa. Usivute hewa kwa nguvu. Funua kikopo cha karafuu, nusa taratibu, na ujikumbushe jinsi pilau ilivyokuwa ikinukia. Wengine hurudishiwa harufu ikiwa imepotoka, kahawa ikanuka kama kitu kilichoungua. Jambo hilo hukera, lakini mara nyingi hutokea pua inapoanza kupona. Si wote hupona kabisa, na wanaopona huweza kuchukua mwaka au zaidi.

Kwa sasa pima chumvi kwa kijiko, mwachie msaidizi wako kazi ya kuonja, na yeye huyohuyo awanuse samaki kabla hawajaingia sufuriani. Mtungi wa gesi ufunge kila unapomaliza kupika, kwa kuwa ukivuja hutajua.

SWALI: Nilianguka na bodaboda Igoma wiki mbili zilizopita bila kofia ngumu, nikagonga kisogo. Tangu hapo sisikii harufu yoyote. Nisubiri?
Dereva, Mwanza

JIBU: Usisubiri, kijana. Nyuzi za kunusa hupenya kwenye matundu madogo ya mfupa mwembamba ulio juu ya pua, na ubongo ukitikiswa kwa kishindo nyuzi hizo huweza kukatika. Baadhi ya watu hupata nafuu, wengi hawarudi kama walivyokuwa. Nenda ukapimwe kichwa wiki hii. Lakini ukiinama ukaona maji maangavu yasiyo na rangi yakidondoka puani bila mafua, huenda ni maji yanayozunguka ubongo, na hapo nenda hospitali leo hii.