Usiguse hayo mafunjo kabla ya mvua ndefu

Simamisha hao vijana wa panga, tafadhali. Ploti upande wa Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, mafunjo mbele ya nyumba, Machi imefika, na wewe unataka kufyeka yote "ziwa lionekane" kisha upande nyasi fupi hadi majini? Maswali yako mengine (kenge na vifaranga, aina ya nyasi, miti ya kivuli) nimeyaona, lakini hilo la kwanza limenipandisha presha. Karo ya somo hilo mimi nimeshailipa, tena bila kupunguziwa.

Ni broka aliyekuambia mafunjo yakiondoka bei ya ploti inapanda, sivyo? Wote wana wimbo mmoja. Na fundi wa bustani akaongeza kwamba kiboko anajificha kwenye mafunjo, kwa hiyo ukikata anahama. Hao wote hulala mjini. Hawajawahi kusikia kiboko aking'oa nyasi chini ya dirisha saa nane usiku.

Kiboko halali kwako kwa sababu ya mafunjo. Mchana yuko majini. Jua likizama anatoka kula, na kwa usiku mmoja anaweza kumaliza karibu kilo 40 za nyasi. Anazopenda ni zile fupi na laini. Sasa wewe ukifyeka Machi, mvua ikashika, baada ya wiki mbili tatu hapo pamejaa machipukizi. Umemwandalia meza na kumwekea taa ya kuonyesha njia. Tusidanganyane, mafunjo hayamzuii kabisa: anapita, lakini kwa njia yake ileile. Utaitambua kwa mifereji miwili inayokwenda sambamba, tuta la nyasi katikati, na kinyesi kilichorushwa vichakani, kwa kuwa hukitawanya kwa mkia. Mafunjo yakiwepo unajua atatokea wapi. Yakiondoka, ufuo mzima ni lango. Na ukijikuta umesimama kati yake na maji, hangoji ujieleze.

Hasara kubwa hata hivyo si kiboko. Ni udongo. Ndani ya Ghuba ya Winam, huu mkono wa ziwa ulio mbele yako, upepo wa mchana hutoka ziwani na kusukuma mawimbi ufuoni. Kinachoyavunja nguvu ni yale mabua, na kinachoshika tope ni mizizi minene iliyofumana chini. Ukikata sasa, Aprili na Mei ziwa linapanda, vishina vilivyobaki vinazama, mizizi inakosa hewa na kuoza. Msimu ujao wimbi linachimba ukingo kutoka chini, nyasi zako za bei zinaning'inia hewani, kisha zinaanguka na udongo wake. Ndipo unaanza kuuliza bei ya gabioni, vile vikapu vya waya vya kujazwa mawe. Kikapu kimoja cha mita 2 kwa 1 kwa 1 kinakula kyubiki mita 2 za mawe, yaani zaidi ya tani 3, na usipokizamisha chini ya ukingo wimbi litapita chini yake. Usiniulize nimejuaje.

Kama bado unaona natia chumvi, kumbuka Mei 2020 ziwa lilivyovuka rekodi ya 1964.

Pia magugumaji. Sasa hivi yanakwama nje ya mafunjo. Ukifungua, upepo unayaleta hadi mlangoni pamoja na konokono wa kichocho, mbu na nyoka. Utayavuta kwa reki kila Jumamosi, ukiwa na gambuti.

Halafu usitegemee fidia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inalipa hasara ya mazao na mali, ila si kwa mtu aliyeshindwa kuchukua hatua za kawaida za kujikinga. Ukijifungulia lango mwenyewe, utaandika nini kwenye fomu?

Unataka kuona ziwa? Kata kijia kimoja tu, upana wa mita moja na nusu, kiwe na kona ili wimbi lisipige moja kwa moja. Kisipite kwenye njia ya kiboko wala karibu nayo. Kata mwezi Januari au Februari maji yakiwa chini, acha kishina cha sentimita 30 juu ya maji, usichome, using'oe mzizi. Sehemu ileile usiirudie kabla ya miezi sita, na mwaka mmoja ni bora. Nyuma ya mafunjo acha mita 15 za nyasi ndefu bila kupitisha slasha. Nyasi fupi zikae karibu na nyumba, na kati yake na hizo ndefu weka ua wa umeme wa waya mbili, ya chini sentimita 40, ya juu 80. Kiboko haruki, kwa hiyo huhitaji ua mrefu. Waya ya miiba anaipita kama uzi. Lakini wakati wa mvua fyeka chini ya hizo waya kila wiki, maana jani likigusa waya, umeme unaishia ardhini, na kiboko akishajua hakuna kitu atazoea.

Benchi la kutazamia liweke juu kwenye mteremko. Kutoka hapo ziwa linaonekana juu ya mafunjo bila kukata hata bua moja. Broka hakukuambia hilo, kwa sababu benchi halina kamisheni.

Kenge na vifaranga: kenge hutembea mchana, kwa hiyo kufunga banda usiku peke yake hakusaidii. Okota mayai kabla ya adhuhuri, vifaranga wakae ndani ya waya yenye matundu madogo. Usimuue, anakula panya pia.

Aina ya nyasi na miti ya kivuli wengine watakujibu. Mikaratusi tu usipande huko chini.