Maswali na Majibu: Kibodi Hainunuliwi kwa Macho

Maswali ya safari hii ni ya kibodi za gemu, na mengi yanafanana kama mapacha. Nimechukua machache yajibu kwa niaba ya wenzao. Usipoliona lako, soma la jirani, huenda ni lilelile.

Mkuu, kibodi gani nzuri ya gemu?

Hili nimelijibu hadi nimechoka, na kila likirudi linarudi uchi vilevile. Ni sawa na kuulizia kiatu kizuri bila kutaja namba ya mguu. Unacheza gemu za aina gani? Meza yako ina upana gani? Nani analala chumba hichohicho? Mchana utaandikia kazi zako kwa kibodi hiyohiyo? Na hiyo bajeti uliyoitaja, kipanya kimo ndani yake au umekisahau? Kama hela inatosha kitu kimoja kizuri tu na gemu zako ni za risasi, nunua kipanya. Kibodi inakutembeza, kipanya ndicho kinacholenga.

Eti taa za rangirangi zinaongeza kasi?

Zinaongeza bei.

Nyekundu, bluu au kahawia? Rafiki yangu anasema nyekundu ndiyo ya gemu, hizo nyingine ni za makarani.

Rafiki yako amekariri. Rangi hizo ni za swichi, kile kidude kilicho chini ya kila kitufe cha kibodi ya mekanika, na zilienezwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ambayo swichi zake za MX zipo tangu miaka ya 1980. Hataza zake, yaani haki za kuzitengeneza peke yake, zilipoisha muda, Gateron, Kailh, Outemu na wengine wakatengeneza za kwao zenye msalaba uleule wa kushikia kofia ya kitufe, na rangi wakazichukua pia. Kwa hiyo rangi inakutajia ukoo, tabia za mtoto mwenyewe hazimo. Nyekundu ya kiwanda kimoja inaweza kuteleza kama sabuni, na ya kingine ikakwaruza kama mchanga.

Kwa swichi za MX zenyewe hali iko hivi. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kikwazo, inataka nguvu ya gramu 45 hivi, kibodi inaisoma ikifika milimita 2, na mwisho wa safari ni milimita 4. Kahawia ina kinundu kidogo njiani, kidole kinahisi kwamba tayari. Bluu ina kinundu na mlio, inasomwa kwenye milimita 2.2, na ili ikubali kubonyezwa tena ni lazima kwanza ipande juu ya pale iliposomwa. Hapo ndipo wanaogonga kitufe kimoja mara mbili mbili kwa haraka wanapoilaumu, na wana haki.

Tofauti nyingine zote ni ladha ya kidole. Sijaona mtu aliyeshindwa gemu kwa sababu ya swichi za kahawia. Waliouziwa zile za rangi ya fedha zinazosomwa kwenye milimita 1.2 nimewaona: wanalaza kidole tu juu ya kitufe, bomu limeshawatoka mkononi. Kama una vidole vizito, ziache. Na kama unaongea na timu yako kwa kipaza sauti, usinunue bluu. Wenzako hawajakukosea lolote.

Nina hela kidogo sana. Ninunue ya mpira au nivumilie hadi nipate ya mekanika?

Swali la maana hili, kaa tuongee.

Kibodi ya mpira, ile yenye vikombe vya mpira chini ya vitufe badala ya swichi, haina aibu yoyote. Ubaya wake uko sehemu mbili. Wa kwanza ni uchakavu: mpira unalegea, na vitufe vya kutembelea (W, A, S na D) vinachoka kabla ya vingine. Wa pili ndio unaokuua kwenye gemu, na hauandikwi kwenye boksi. Ndani ya kibodi, vitufe vimepangwa kwenye nyaya za safu zinazokatiza nyaya za nguzo. Ukibonyeza vitatu vilivyokaa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, umeme unapata njia ya kuzunguka, na kibodi inaona kama pembe ya nne nayo imebonyezwa. Ili isidanganye, kibodi ya bei rahisi inaamua kukikataa kitufe cha tatu. Ndiyo maana unakimbia mbele huku unakata kona, unabonyeza kuruka, na mhusika wako anabaki ardhini akikutazama. Kibodi za mekanika zilizotengenezwa vizuri zina diodi, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila swichi, na tatizo hilo halipo.

Kwa hiyo usitoe hela kabla ya kupima. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, shikilia Shift zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kisha andika herufi zote A hadi Z, moja moja. Herufi zitakazokosekana zimekataliwa. Zikikosekana nyingi, hicho ndicho utakachokutana nacho vitani. Kisha shikilia W na Shift ya kushoto, ubonyeze kitufe cha nafasi. Halafu jaribu W, A na nafasi. Muuzaji akikukatalia kupima, ameshakujibu.

Ikiwa ya mpira inafaulu mtihani huo kwa vitufe unavyotumia, inunue na moyo utulie. Ila kaa mbali na zile zilizoandikwa "hisia ya mekanika". Ni mpira uleule uliovishwa joho na kuongezewa bei. Hela hiyohiyo, ukiongezea kidogo, inakufikisha kwenye mekanika ya kawaida isiyo na mbwembwe, au iliyotumika. Iliyotumika naipendekeza bila woga: Cherry inazikadiria swichi zake za MX kwa mibonyezo milioni 50 hadi 100 kutegemea aina, mwenzako hajazimaliza kwa miaka miwili. Ng'oa kofia moja utazame chini yake. Uchafu unasafishika, kutu ya maji haisafishiki.

Herufi A yangu ikibonyezwa mara moja inatoka mbili. Ni virusi?

Si virusi, ni swichi. Vipande viwili vya chuma ndani yake vinagusana, vinaruka kidogo, vinagusana tena. Kibodi ina programu ya kungoja kidogo ili isihesabu huko kuruka, lakini swichi ikichafuka au ikichoka, mruko unazidi ule muda wa kungoja.

Yaliwahi kunipata. Kibodi ilikuwa ya bei, jina kubwa, taa mpaka ubavuni. Baada ya mwaka na kitu, D ikaanza kurudia. Nikafungua skrubu zote, kasha halitoki. Nikahangaika robo saa nzima kabla ya kupapasa kwa kidole chini ya kibandiko cha namba ya bidhaa na kukuta skrubu ya mwisho imefichwa pale. Ndani, kila swichi imechomelewa kwenye bodi kwa risasi ya kuyeyushwa. Kubadilisha kitu kidogo kama kipande cha sukari kukahitaji pasi ya kuchomelea, pampu ya kunyonyea risasi na mkono usiotetemeka. Wangu ulitetemeka. Nikaharibu njia ya umeme kwenye bodi, na D ikanyamaza kabisa.

Tangu siku hiyo sinunui kibodi isiyo na swichi za kuchomoa na kuchomeka, na wewe usinunue. Swichi ikifa unaing'oa kwa koleo yake na kuweka nyingine, kazi ya dakika moja. Angalia tu kama bodi inapokea swichi za miguu mitatu au mitano. Ya mitano inapokea zote, ya mitatu itakulazimisha ukate miguu miwili ya plastiki.

Kwa sasa, kabla hujatupa: ing'oe kofia, puliza hewa, bonyeza mara mia. Kama ina programu ya kuongeza muda wa kungoja, ongeza milisekunde chache. Wakati mwingine inatosha.

Kibodi za sumaku zina ukweli au ni biashara? Na nasikia ukitumia unafungiwa.

Zina ukweli. Kila swichi ina sumaku, na chini yake kuna kihisi kinachopima umbali wake, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Chuma hakigusi chuma, kwa hiyo ugonjwa wa herufi mbili haupo. Unajichagulia kitufe kisomwe kwenye kina gani. Kubwa zaidi, kitufe kinaachia pale kidole kinapoanza tu kuinuka, hakisubiri kifike mahali maalum. Kwenye gemu za risasi, ambako lazima usimame ndipo risasi inyooke, utaihisi. Kwenye gemu za magari, baadhi ya kibodi hizi zinakuruhusu ukanyage mafuta nusu.

Kufungiwa ni habari nyingine. Kuna kipengele, kampuni ya Razer inakiita Snap Tap, ambacho ukiwa umeshikilia A ukabonyeza D, kibodi yenyewe inaiachia A kwa niaba yako. Ustadi ambao wenzako wameufanyia mazoezi miaka, wewe unafanyiwa. Agosti 2024 Valve, wenye gemu ya risasi ya Counter-Strike 2, walikipiga marufuku kwenye seva zake rasmi, na anayekutwa nacho anatolewa kwenye mechi. Kibodi ya sumaku yenyewe haijakatazwa. Kizime hicho kipengele ucheze.

Onyo ambalo hukuniuliza: swichi ya sumaku haiingiliani na bodi ya mekanika ya kawaida, na mara nyingi hata na bodi ya sumaku ya kampuni nyingine. Nunua na za akiba kabisa. Na kama gemu zako ni za mpira wa miguu na za kujenga miji, hela hiyo ina kazi nyingine.

Hz 8000 dhidi ya Hz 1000, nitaona tofauti?

Hz 1000 ni kibodi kuripoti kwa kompyuta mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1. Hz 8000 ni kila milisekunde 0.125. Umeokoa chini ya milisekunde moja, na kompyuta imeongezewa kazi. Skrini ya Hz 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7, na wewe mwenyewe unahitaji kama 200 kuona adui na kubonyeza. Anza na skrini.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 13, anataka kibodi ndogo ya asilimia 60 kama za wachezaji anaowatazama. Nimnunulie?

Marahaba, mama. Mwambie kwanza akuonyeshe ana sababu gani.

Sababu ya kweli ipo moja: nafasi. Hao anaowatazama wanasogeza kipanya kwa mkono mzima, kibodi ndefu inawagonga njiani. Lakini hiyo ndogo ina vitufe 61 hivi, haina mishale, haina safu ya F1 hadi F12, haina namba za pembeni. Kila kimoja cha hivyo atakipata kwa kubonyeza viwili. Akianza kuandika kazi ya shule atakuja kulalamika kwako, na wala si kwa hao anaowatazama. Mnunulie ile yenye vitufe 87, isiyo na namba za upande wa kulia tu. Nafasi ya kipanya inapatikana, mishale anabaki nayo. Chagua swichi zisizo na mlio. Usingizi wa nyumba nzima nao ni bajeti.

Bila waya inachelewa?

Ya kipokezi cha GHz 2.4, haichelewi kwa kiasi utakachokijua. Ya bluetuthi inachelewa, iache kwa kuandikia barua. Ikikatakata, usiilaumu kabla hujakitoa kipokezi kwenye tundu la USB 3, maana tundu hilo lina kelele kwenye masafa hayohayo. Kiweke kwenye waya wa kurefushia, karibu na kibodi. Na zima taa, ndizo zinazonywa betri.

Herufi za WASD zimeanza kung'aa na kufutika. Nimeuziwa feki?

Hapana, umeuziwa kofia za plastiki aina ya ABS zilizochapwa wino juu. Tafuta za plastiki ya PBT, au zilizomiminwa kwa plastiki mbili ambazo herufi yake imepita hadi ndani. Kabla ya kununua pima kitufe cha nafasi cha kibodi yako: kampuni nyingine hukata mstari wa chini kwa vipimo vyao wenyewe, ukabaki na kofia nzuri mia, na moja tu isiyoingia.

Nimekutumia picha za kibodi mbili, nichague ipi?

Zote mbili umezipiga gizani taa zikiwaka. Zima taa, ng'oa kofia ya W kwa kila moja, piga tena, halafu nitumie.